Kaka ameamua mama ahamie kwangu Mombasa, na mama mwenyewe hajaulizwa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mtoto wa pili kati ya wanne. Naishi Mikindani, Mombasa, na mume wangu na watoto wetu watatu, na nimeajiriwa kama karani katika kampuni ya mizigo. Kaka yetu mkubwa yuko Nairobi, mdogo wetu wa kiume anafanya kazi Qatar, na dada aliyenifuata alifariki akaacha mtoto wa kiume. Mama ndiye aliyemlea mtoto huyo, na sasa ni kijana wa miaka 22.

Mama ana miaka 74. Anaishi kwetu milimani, juu ya Wundanyi, kwenye shamba aliloliacha baba. Baba alifanya kazi miaka mingi katika shamba la mkonge. Alipofariki, mama aliendelea kujitegemea kwa mahindi, maharagwe, ndizi na vikapu vya mkonge alivyokuwa akisuka na kuuza. Kijana wa marehemu dada ana chumba chake hapo hapo nyumbani. Ndiye anayechota maji, anayetafuta kuni na kutumwa dukani. Ndiye pia anayemchukulia mama pesa za wazee, zile za Inua Jamii zinazotolewa na serikali.

Tangu mwaka jana mama amebadilika. Hasuki tena. Jumuiya ya kanisa ameacha kwenda, na kanisani huonekana mara mojamoja tu, ilhali zamani hata mvua haikumzuia. Hunipigia simu usiku na kuniuliza jambo aliloniuliza jana. Nikimuuliza amekula nini, jibu ni chai. Nilipokwenda nyumbani Pasaka nilimkuta amekonda hadi kanga inamzunguka mara mbili. Jirani alinivuta kando akaniambia kijana akishachukua pesa za nyanya yake hurudi usiku wa manane. Nilipomuuliza mama kuhusu hizo pesa, alinijibu kwa ukali, "Wachana na mambo hayo. Wewe uko Mombasa, maji ananichotea nani?"

Wiki iliyopita kaka aliandika kwenye kundi la WhatsApp la familia kwamba mwisho wa mwezi mama aletwe kwangu, shamba likodishwe, na kijana akajitafutie maisha. Yeye atatuma pesa za matumizi. Mdogo wetu akajibu, "Sawa kabisa." Mimi sikuulizwa na mama hakuulizwa.

Shangazi, tunakaa vyumba viwili ghorofa ya tatu. Mimi na mume wangu tunatoka alfajiri na kurudi giza limeingia. Mama aliwahi kuja kwangu alipokuwa mgonjwa. Alishinda ndani mlango umefungwa, joto limemzidi, na jioni moja akaniambia, "Tangu asubuhi sijasalimiana na mtu." Alipopata nafuu kidogo tu alianza kuomba nauli ya kurudi.

Nikikataa, nitaonekana nimemtupa mama. Nikikubali, naona kama nakwenda kumfungia. Na hizo pesa nizifuatilieje bila kumharibia uhusiano na mjukuu anayemtegemea? Nisaidie.

Binti wa Wundanyi, Mombasa

*

Marahaba, mwanangu.

Usimlete. Angalau si mwisho wa mwezi huu, na si kwa uamuzi uliopitishwa kwenye simu na watu wawili ambao mmoja yuko Nairobi na mwingine ng'ambo. Naandika hivi nikijua kaka yako anampenda mama yake na ameingiwa na hofu baada ya kusikia habari zake. Lakini mpango wake unatuliza hofu ya watoto. Shida ya mama hauigusi.

Hebu soma tena ulichoandika. Hukuniambia mama hana pa kulala, wala kwamba amefukuzwa shambani. Umeniambia hasuki, haendi jumuiya, hapiki, na hukupigia usiku kuuliza la jana. Huyo ni mtu anayepoteza watu wake mmoja baada ya mwingine akiwa kwake. Mombasa kwako watu hao hawapo kabisa, na yeye mwenyewe alishakuambia, tena kwa maneno mepesi sana. Mtu aliyezoea kusalimiwa na kila apitaye njiani, anayejua ng'ombe wa nani amezaa na nani anaoza binti yake, ukimweka ghorofa ya tatu na mlango umefungwa, utakuwa umemlisha vizuri na kumnyima karibu kila kitu kingine. Baridi ya Taita ameizoea maisha yake yote, halafu mnataka aanze kujifunza joto la Mikindani akiwa na miaka 74.

Kazi yenu basi ni kupeleka msaada aliko. Nitakuonyesha pa kuanzia.

Kilichonishtua zaidi katika barua yako ni vile vikapu. Mwanamke aliyesuka mkonge tangu ujana haachi bila sababu. Kabla hujasema ni uzee, uliza macho yake. Mtoto wa jicho huja polepole, bila maumivu, na wazee wengi hawasemi kwa sababu hawajui kwamba unatibika. Mtu huanza kushindwa kuona ncha ya uzi, kisha nyuso za watu kanisani, kisha jiwe lililoko njiani. Akishajikwaa mara moja mbele za watu, huacha kutoka. Upasuaji wake ni kuondoa lenzi iliyoingia ukungu na kuweka nyingine ya bandia. Kwa kawaida hauchukui hata saa nzima, na wengi hulala kwao siku hiyo hiyo. Anzeni hospitali ya Wesu, iliyo karibu, wawaelekeze kliniki ya macho. Hospitali ya rufaa ya kaunti, ile ya Moi, iko Voi. Mwombe daktari ampime pia masikio. Anayeuliza jambo lile lile kila usiku huenda jana hakusikia jibu, akaona aibu kusema.

Huenda pia ni kusahau kwenyewe, na sitakuficha hilo. Lakini mzee anayeishi kwa chai husahau kwa sababu ya njaa. Mwenye huzuni husahau, mwenye sukari au presha isiyotibiwa husahau, na hata maambukizi ya njia ya mkojo humchanganya mzee akaonekana amerukwa na akili. Yote hayo yanapimwa, na mengi yanatibiwa. Msimpe jina la ugonjwa wa akili kabla hajapimwa damu na mkojo.

Vipimo vya mwanzo havihitaji hata safari. Mwaka 2023 serikali iliwatuma mashinani wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, kila mmoja na mkoba wenye mashine ya presha na kipimo cha sukari, na kila mmoja akapewa nyumba za kutembelea. Kijijini kwenu yuko. Waulize zahanati ni nani, upate nambari yake, umweleze kuwa mama ni mtu wa miaka 74 anayekonda. Huyu atakuwa jicho lako. Atakupigia simu akiona jambo, na neno lake halitakuwa na udaku wa jirani.

Sasa bima. Wafanyakazi wengi wa mshahara wanadhani kwa kuwa wanakatwa asilimia 2.75 ya SHA, bima ya afya ya serikali, basi wazazi wao wamefunikwa. Hawajafunikwa. Michango yako inakuhudumia wewe, mume wako na watoto. Mama husajiliwa kivyake, kwa *147# au kwa kusaidiwa zahanati, kwa kitambulisho chake. Akishasajiliwa, huduma za msingi katika zahanati na kituo cha afya hazilipiwi. Upasuaji na kulazwa hospitali kubwa ndiko kunakohitaji mchango, na kwa asiye na mshahara hupigiwa hesabu kulingana na hali ya nyumba yake, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, zinazolipwa za mwaka mzima kwa pamoja. Akipangiwa kiwango hicho, ni 3,600. Mko watoto watatu wenye kazi, kwa hiyo ni 1,200 kila mmoja kwa mwaka. Kaka yako anayetaka kutuma pesa za matumizi aanzie hapo, leo.

Tuje kwenye pesa za wazee, na hapa nakuomba utembee taratibu.

Inua Jamii ya wazee wa miaka 70 na zaidi ilipofunguliwa kwa nchi nzima mwaka 2018, kiwango kilikuwa shilingi 2,000 kwa mwezi, na ni hizo hizo zinazozungumziwa hadi leo. Si nyingi, lakini ni za mama, kwa jina lake. Mzee asiyeweza kwenda mwenyewe huruhusiwa kuwa na mtu wa kumchukulia, na mtu huyo huandikwa rasmi kama mlezi. Kwa hiyo kijana kuzichukua si kosa. Swali ni zinafika, na zinafikaje.

Kabla ya kumnyooshea kidole, pata jambo moja la hakika: zilitoka lini? Malipo haya huchelewa, mara nyingine miezi ikapita kavu kisha ikalipwa pamoja. Kijana akirudi mikono mitupu mara mbili, jirani asiyejua ratiba atamwona mwizi. Nenda na mama, au mpigie afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo pale Wundanyi, ukiwa na nambari ya kitambulisho cha mama, uulize malipo ya mwisho yaliingia lini na kiasi gani. Naibu chifu pia huwa anajua tarehe, kwa sababu wazee wote wa kijiji humuuliza yeye. Ukipata majibu hayo, ndipo ukae na kijana.

Ukae naye vipi? Mpe kwanza shukrani. Ninyi nyote mliondoka. Yeye akabaki na nyanya, na ndoo za maji, na kuni, na usiku wa kikohozi. Ana miaka 22, hana kazi, na kazi anayoifanya hakuna anayeiita kazi. Sisemi hivi kumhalalishia kula jasho la nyanya yake. Nasema kwa sababu kijana anayefanya kazi bila ujira, kisha akashikishwa noti za mwenzake, mmemweka mtegoni wenyewe. Mpeni mshahara unaojulikana, utumwe tarehe inayojulikana, kwa simu yake. Kisha mwambieni wazi kuwa pesa za nyanya ni za nyanya. Zikichukuliwa, anakabidhiwa mkononi mbele ya mtu wa tatu, tuseme yule jirani au mwenyekiti wa jumuiya, na inaandikwa kwenye daftari. Namba ya siri ya simu au ya kadi abaki nayo mama. Kama ameshampa, ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Endapo itabainika kuwa amekuwa akizila kwa muda mrefu, au anamtisha mama, hapo hakuna kuoneana haya. Abadilishwe mlezi. Hilo linafanyika katika ofisi hiyo hiyo ya maendeleo ya jamii, na huyo mpya awe mtu aliyechaguliwa na mama. Na kama kuna kupigwa au kunyimwa chakula, chifu na polisi waambiwe. Ibara ya 57 ya Katiba yetu ya 2010 inamtaja mzee kwa haki zake: kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa familia na kwa Serikali. Familia na Serikali zimetajwa pamoja. Pesa za serikali haziondoi wajibu wenu, wala kutuma kwenu pesa hakumfanyi mama akose haki ya kudai zake.

Ila ujue ule ukali aliokujibu nao ni woga. Mama amepiga hesabu akaona kuwa kati ya shilingi elfu mbili na maji, maji ndiyo muhimu zaidi. Akijua kwamba maji yatakuja hata akiuliza habari za pesa, ataongea. Kwa hiyo panga maji kwanza. Tangi dogo na mfereji wa kuvuna mvua kwenye mabati, kwa milima yenye mvua kama ile, vitapunguza sana utumwa huo, na mdogo wenu wa Qatar anaweza kulibeba jukumu hilo peke yake.

Na baba yenu? Umesema alifanya kazi kwenye mkonge miaka mingi. Je, mafao yake ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, yalidaiwa? Wajane wengi hawajui kwamba mume akifariki akiwa mwanachama, waliobaki hulipwa. Tafuta kadi yake ya zamani au hati ya malipo, chukua cheti cha kifo na vitambulisho, uulize ofisi ya NSSF. Kama pesa zilikaa bila kudaiwa kwa miaka, huenda zilikwishapelekwa kwenye Mamlaka ya Mali Zisizodaiwa, UFAA, ambako jina la marehemu hutafutwa kwa nambari ya kitambulisho. Kuulizia na kudai ni bure. Atakayekuambia utangulize chochote ili "file isukumwe" ni tapeli.

Sasa kaka yako. Mwanangu, angalia jinsi mzigo ulivyogawanywa kwenye ule ujumbe: anayeamua ni mwanamume aliyeko mbali, atakayetoa chumba, kupika, kuogesha na kukesha ni wewe. Hujakosea kuliona hilo. Binti kumtunza mamaye ni heshima, lakini heshima hiyo haimaanishi kaka anaweza kukuandikia ratiba ya nyumba yako bila kukuuliza. Mwambie hivyo kwa upole na bila kuomba radhi.

Kisha kuna hilo neno la kukodisha shamba. Huenda amelisema kwa nia njema, apate kodi ya kumhudumia mama. Lakini mama akilisikia, ataelewa kwamba anaondolewa kwake. Mwulize kaka hati ya shamba iko kwa jina la nani. Kama bado ni jina la baba, hakuna mwenye mamlaka ya kulikodisha wala kuliuza kabla ya mirathi kupita mahakamani. Na kwa sheria yetu ya urithi, mjane mwenye watoto ana haki ya kukaa na kuitumia mali hiyo maisha yake yote, asipoolewa tena. Kabla ya hapo, shamba ni la kulimwa. Mkimlipa kijana, alime pia. Ardhi ikibaki na mahindi, mama atabaki na la kufanya asubuhi.

Nimefika kwenye ninalolijali kuliko yote, ambalo halina ofisi. Mama anahitaji watu. Jumuiya ndogo ndogo husali nyumbani kwa wanajumuiya kwa zamu, na nina hakika wenzake wameshangaa kutomwona. Zungumza na mwenyekiti wa jumuiya, umwombe kwa muda huu wasali kwake mara nyingi zaidi. Wewe gharamia sukari na majani ya chai ya siku hiyo. Siku ambayo watu kumi wameketi uani kwake, wamemwomba aanzishe wimbo, itamfaa kuliko dawa nyingi. Jumapili kuwe na bodaboda mmoja mnayemjua, mtaratibu, wa kumpeleka kanisani na kumrudisha, mkimlipa wenyewe kwa simu ili mama asije akaanza kuhesabu nauli akakataa kwenda.

Chakula nacho ni habari ya watu. Wanawake wengi waliozoea kupikia nyumba nzima huona haya kujipikia sufuria ndogo, wakamalizia kwa chai. Mwombe yule jirani, mumlipe kwa heshima, mama na kijana wale kwake chakula cha mchana, au aje apike kwa mama wale pamoja. Sisitiza pamoja. Maharagwe, mayai, mboga, ndizi, vyote viko shambani au jirani. Kama meno yamekwisha, maharagwe yapikwe hadi yalainike kabisa. Ukiona chakula kinarudi bila kuliwa, uliza meno kabla ya kuuliza hamu.

Likizo za Aprili, Agosti na Desemba wapeleke watoto wako. Watalalamika kuhusu baridi, waache. Wakampigie hadithi, wamletee mkonge, wamwombe awafundishe kusuka. Hata kama macho bado hayajatibiwa, mikono yake inakumbuka, na atawaelekeza kwa mdomo. Mzee akiulizwa jambo analolijua huinua kichwa. Na simu zenu za kila siku zibadilike pia. "Umekula? Umemeza dawa?" ni maswali ya mlinzi. Mwulize alivyotatua ugomvi wa fulani na fulani. Mwombe ushauri kuhusu mtoto wako anayekusumbua. Pangeni zamu watatu nyinyi, ili asipigiwe siku moja na watu wote na siku tano asipigiwe na mtu. Usiku akikupigia kuuliza la jana, mjibu kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Ni saa ambayo nyumba imenyamaza, na sauti yako ndiyo anayoitafuta.

Mambo madogo ya nyumba usiyadharau. Taa ya sola ya njia ya chooni. Mti imara wa kushikia mlangoni na ndani ya choo. Ndoo yenye kifuniko chumbani kwa usiku wa mvua, maana njia zenu za mlimani zikilowa hata kijana huteleza. Nyonga ikivunjika katika umri huo, mazungumzo yote haya yatakuwa mengine.

Umeniuliza kwa uaminifu, nami nikujibu kwa uaminifu kuhusu upande wa pili. Itafika siku ambapo kubaki peke yake hakutawezekana: akianza kupotea njia ya kwake, akisahau moto jikoni, akianguka mara kwa mara, au akishindwa kujisafisha. Siku hiyo jambo la kwanza ni kumtafutia mtu wa kulala naye nyumba moja, aliyelipwa na anayemjua. Hilo likishindikana, ndipo aje kwako, na iwe kwa mpango: mtu wa kushinda naye mchana, chumba cha chini kama kitapatikana, parokia ya karibu inayojua kuwa amefika. Na kaka na mdogo wako wawe wametia sahihi kiasi watakachotuma, kila mwezi, kabla hajapanda gari. Kumhamisha wakati huo hakutakuwa kumtupa wala kumfungia.

Kwa sasa, mnahitaji kikao. Kifanyike Wundanyi, nyumbani kwa mama, wa Qatar akiwa kwenye simu, na mama akiwa ndiye wa kwanza kuulizwa anataka nini. Mpeni muda wa kujibu. Wazee hujibu kwanza "mtakavyo ninyi", na mtu asiye na subira huchukua hilo kuwa jibu. Kijana wa marehemu dada yako awepo naye akae kama mwanafamilia. Asiitwe mwishoni kuja kusomewa hukumu.

Usimjibu kaka kwenye kundi. Mpigie simu, mkiwa wawili. Ukikosa pa kuanzia, mwambie hivi: "Kaka, nami naogopa kama wewe. Sijakataa kumtunza mama. Nimekwishaulizia kliniki ya macho na bima, na mgao wako wa bima ni 1,200. Kuhusu kuhama, mimi na wewe hatuwezi kuamua kabla hajasema mwenyewe. Jumamosi gani unaweza kufika nyumbani?"